Unga Unaomeza Gesi

Jamani, hii msimwambie mama yangu. Mimi nafagia maabara ya chuo kimoja hapa Mwanza, bado niko kwenye kipindi cha majaribio ya kazi. Asubuhi ile nilitoka kwetu Mkolani nimeshindilia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maharage, tumbo likawa limejaa gesi kama mpira.

Bosi wangu, Madam Neema, alikuwa anasubiri wageni waje kuona unga wake wa kaboni, mweusi tii kama masizi.

"Kulwa, usiuone hivi," akaniambia. "Una vitundu vidogo hata macho hayavioni. Gesi ya haidrojeni ikiingia, unainyonya na kuitunza. Iko siku magari yatatembelea gesi hiyo."

Mimi gari sina, tumbo ninalo. Alipotoka tu, nikabwia kijiko kizima. Darasa la saba mimi, lakini sayansi naielewa!

Wageni wakaingia. Madam akainua chupa ya unga, akakunja uso. "Mbona umepungua? Kulwa, umeugusa?"

Nikatikisa kichwa, mdomo nimeubana. Ningekiri, kibarua kingeota nyasi palepale.

Akaendelea kuwaeleza wageni. "Shida yake ni moja: unataka baridi kali. Ukipata joto tu, unaachia gesi yote."

Tumbo langu likamuunga mkono, kwa sauti, chumba kizima kikasikia.

Mzee mmoja akakohoa. "Naona huu umeshapata joto."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka nao ili kupotezea, nikasahau kwamba sijasukutua. Madam akabaki anayatazama meno yangu.