Salongo ya Waliofungiwa

Patente, yaani leseni, ya duka la Mumbere Hubert ilitolewa tarehe 9 Februari 2021, na kwenye mstari wa shughuli pameandikwa: kuchaji simu, vipuri vya pikipiki, michezo. Neno la mwisho lilimchekesha karani. Alitaka kujua mtu mzima ataishije kwa michezo pale Kashebere, kwenye vilima vya Masisi, mahali ambapo lori linaweza kulala topeni hadi dereva akaota ndevu. Hubert alimjibu kwamba lori likilala dereva halali nalo. Anakaa tu, na mtu anayekaa hakosi simu mkononi.

Hesabu yake ilikuwa sawa. Nyuma ya kaunta aliweka kompyuta kuukuu iliyofanya kazi ya seva, na juu ya bati akafunga kisanduku cha wifi kilichofika mpaka sokoni. Intaneti haikuhitajika. Mtu alipewa neno la siri, akaingia na simu yake, akajikuta kwenye nchi tupu ya vilima ambamo kila mchezaji hukata miti, hujenga, hulima na kufuga. Vijana waliiita Kule. Ungesikia mtu amekaa barazani, viazi mdomoni, anasema jana alivuna maharagwe Kule, na wenzake hawamwulizi ni wapi.

Hubert alitoka Butembo, kwa watu wanaojifunza biashara kabla ya kujifunza kutembea. Kwao ugomvi wa dukani humalizwa upesi, kabla mteja wa tatu hajageuza mguu. Kwa hiyo siku ng'ombe wa mtu walipoachiliwa Kule kwenye shamba la mwingine, na ugomvi ukatoka ndani ya simu ukaja barazani, vijana wawili wakikabana kola na mmoja akimtaja mwenzake kwa kabila lake, Hubert hakungoja. Alijua neno kama lile linakoelekea likiachwa litembee. Jioni ile alibandika sheria mlangoni. Anayechoma nyumba, anayeingiza ng'ombe shambani, anayetukana kabila, anafungiwa papo hapo, jina lake na simu yake, asiingie tena Kule. Kesi hakuna.

Lakini alijua pia kwamba mtu aliyefukuzwa bila mlango wa kurudia hugeuka adui, na adui hanunui chochote. Akawawekea mlango: salongo, ile kazi ya umma isiyo na malipo. Kila Jumamosi asubuhi waliofungiwa wangekuja na majembe, wajaze mawe kwenye mashimo ya barabara mbele ya duka, na aliyekosewa awepo ashuhudie. Kazi ikiisha, Hubert anafungua jina. Mara nyingi aliyekosewa alichoka kusimama kama polisi, akachukua jembe naye. Madereva walisifu. Padri aliitaja salongo hiyo baada ya misa, na kwa Hubert sifa ile ilikuwa tamu kuliko faida ya wiki, ingawa hakukubali kusema hivyo mbele ya mke wake.

Dusabimana alianza kuja mwishoni mwa mwaka 2023. Alikuwa na miaka kumi na minane. Yeye na mama yake, Epiphanie, walikuwa wameikimbia Bihambwe vita vilipofika, wakapita kambi ya wakimbizi ya Lushebere, kisha wakashuka Kashebere ambako mama alipata vibarua vya kulima. Kijana alikuwa mpole na mchezaji hodari. Kule alichagua kilima kimoja akakijenga taratibu: nyumba, zizi, mstari wa mikaratusi, kijia cha kushuka mtoni. Epiphanie alipopita kuchukua simu yake iliyokuwa kwenye chaji, mwanawe alimwonyesha. Mama alitazama muda mrefu. Kisha akasema zizi limekaa upande usio wake. Kwao Bihambwe lilikuwa chini ya nyumba, si juu. Kijana akalihamisha.

Machi 2024 Dusabimana aliugua malaria, akakosekana kwa siku kadhaa. Aliporudi alikuta nyumba ya pili kilimani, ndani ya mikaratusi yake. Ilikuwa ya Merdi, kijana wa pale pale Kashebere ambaye baba yake ni mkulima na shemasi. Merdi hakuwa mkorofi. Alipoulizwa alijibu kwa mzaha, barazani, mbele ya watu.

"Muntu akiondoka, ameondoka. Kilima haiko na jina."

Wengine walicheka. Dusabimana hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akainamia simu yake, na baada ya dakika chache Merdi akaruka. Nyumba yake Kule ilikuwa inawaka.

Hubert alimfungia Dusabimana mikono yake ikiwa bado na grisi ya pikipiki. Kijana alikuja mpaka kwenye kaunta, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Papa Hubert, mimi njo nilikosewa, si yeye."

"Nani alichoma?"

"Mimi. Lakini alijenga kwetu."

"Sheria iko mu mlango. Haisemi kitu juu ya kujenga."

Ni kweli, haikusema. Hubert aliandika sheria zake kama mtu wa duka: alihesabu kinachoungua, kinacholiwa na kinachotukanwa. Mtu kuingia mahali pa mwenzake na kukaa, hilo halikumjia akilini, na hakuna mtu wa vilima vya Masisi ambaye lisingemjia la kwanza.

Dusabimana alikataa salongo. Kuja na jembe mbele ya Merdi, alimwambia mama yake, ni kukubali kwamba kilima ni cha Merdi. Jumamosi mbili zikapita. Jambo hilo lilimkera Hubert, kwa sababu wengine walianza kuuliza kama wa Bihambwe ana sheria yake. Mwishowe alimwendea Epiphanie shambani alikokuwa akilima kibarua. Epiphanie hakuacha kupalilia. Alimwambia Hubert kuwa ni mtu mwema lakini ni mtu wa kaunta. Kwao mtoto hufundishwa mipaka ya shamba kabla ya sala. Hubert alikubali kwamba huenda kuna ukweli hapo, akaahidi kwamba salongo ikiisha atamhamisha Merdi kutoka kilimani. Kijana aje tu, watu waone. Mama alijiinua, akaegemea mpini.

"Nitamutuma. Lakini ni kwa sababu yako, Papa Hubert. Si kwa sababu ya ule mchezo."

Jumamosi Dusabimana alikuja na jembe la mama yake. Walikuwepo vijana wengine wanne, wawili wamefungiwa na wawili wamekosewa, na Merdi kama shahidi wake. Hubert aliwaonyesha shimo kubwa lililokuwa limemeza gurudumu la lori juzi yake, akarudi ndani kumhudumia mteja. Kijana alifanya kazi bila kuinua macho. Merdi alimpa maji, naye akayapokea.

Wenye bunduki walioshika milima ile walitoka upande wa sokoni, wakitembea bila haraka. Walikuwa na masanduku ya kupeleka kwenye kituo chao mlimani na walikuwa wanatafuta wabebaji. Kwa kawaida watu huwaona kwa mbali na kujificha, na wao hulazimika kugonga mlango mmoja mmoja. Safari hii walikuta vijana sita wenye nguvu wamekusanyika barabarani, migongo wazi, majembe mikononi. Mkubwa wao alifurahi waziwazi.

"Salongo iko tayari," alisema. "Munaacha hii mawe. Twende."

Hubert alitoka nje na sahani ya misumari mkononi. Alisema hao ni wachezaji wake, wanalipa makosa ya mchezo. Watu wale walimwangalia kama mtu anayeongea usingizini, wakaondoka na vijana.

Watano walirudi siku ya tatu, mabega yamechubuka. Merdi ndiye aliyesimulia, kwa sababu wengine hawakutaka. Njiani hakuna aliyepigwa. Walipofika juu waliulizwa majina, mmoja mmoja. Dusabimana alipotaja lake aliulizwa ametoka wapi, na yeye, asiyejua kusema uongo, akasema Bihambwe. Bihambwe ilikuwa mikononi mwa upande mwingine. Wakamtenga.

"Walituuliza nani anamujua," Merdi alisema. Alikuwa akitazama kaunta. "Tulinyamaza. Hata mimi."

Hubert alikwenda kwenye kompyuta akalifungua jina la Dusabimana, akaifuta nyumba mpya ya Merdi iliyokuwa imeanza kusimama kilimani. Ilimchukua muda mfupi sana. Merdi alisimama nyuma yake akiangalia na hakupinga.

Epiphanie hakuwa na haja na hayo. Alikuja asubuhi iliyofuata, amevaa kitenge cha kanisani, akamwambia Hubert afunge duka. Wale watu walimfahamu Hubert, alisema. Bidhaa zake zilipita kwenye kizuizi chao kila mara. Angeenda kuwaambia kwamba ni yeye aliyemwita mtoto barabarani, kwamba mtoto si mpelelezi, ni mchezaji. Hubert aliogopa, na hakuificha hofu yake. Lakini alikwenda pamoja naye.

Komanda wa kituo aliwapokea vizuri, akawapa viti. Alimsikiliza Hubert mpaka mwisho: seva, moto, kufungiwa, Jumamosi. Alitaka kuelezwa tena sehemu ya majembe. Kuhusu kijana alisema uchunguzi unaendelea, na hakumtazama mama. Kisha akacheka, akampiga Hubert begani kama mtu aliyepata rafiki.

"Kumbe wewe njo chef, mukubwa wa salongo. Sisi tunafukuzana na bantu mu milima, wewe unawaita na wanakuja. Basi, kila siku ya posho, kila Jumamosi, utanitumia bantu kumi."

Walishuka mlima. Kwenye kijito Epiphanie aliosha miguu, na hapo ndipo alipomwuliza kama atawatuma hao kumi. Hubert alisema hapana, kamwe. Akamweleza kwamba asipowatuma hawezi kubaki, kwa kuwa watamfuata yeye na mke wake. Alieleza kwa urefu, kwa mpangilio mzuri. Mama alimwacha amalize.

"Kwa hiyo unaondoka."

"Ndiyo, Mama."

"Muntu akiondoka, ameondoka," alisema Epiphanie. Neno hilo lilikuwa limeshazunguka kijiji kizima. Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei.

Duka limefungwa. Kisanduku cha wifi kimeshushwa kutoka juu ya bati, na kompyuta imefungwa ndani ya godoro. Kwa kuwa barabara ya Goma haipitiki, Hubert na mke wake wanapanda lori la Ijumaa kuelekea Walikale, na kutoka huko watashika njia ndefu ya Kisangani mpaka Butembo. Jumamosi Epiphanie anapanda tena mlimani, peke yake, kuuliza habari za mwanawe.