Gari Lililonyweshwa Alizeti

Isaka Ntandu alijifunza udereva kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, akarudi kwao Ilongero na kofia ya kazi na maneno mengi. Mwaka ule watu walipoamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa, yeye peke yake ndiye aliyeweza kuliendesha gari la kijiji, pikapu kuukuu iliyoachwa na mmisionari. Watu wakambandika jina la Bwana Usukani, naye hakulikataa.

Mama yake, Damari, alikuwa wa mwisho kuhama. Hakuililia nyumba, alikililia kihenge chake cha mtama. Chakula cha mwaka na mbegu ya msimu, vyote vilikuwa humo.

"Kitafika kizima, mama," Isaka alimwahidi. "Hata punje haitadondoka."

Lakini oili ya injini ilikuwa imeadimika hadi mjini. Isaka akalitazama dumu la mafuta ya alizeti waliyokamua wenyewe pale kijijini. Kama yanalainisha ngozi kavu ya ng'ombe, chuma kitakataa nini? Akamimina.

Kwenda kumchukua mama, gari lilikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, kihenge kikiwa nyuma na mama ameketi mbele amepakata kuku, harufu ya maandazi ikajaa garini.

"Isaka, nani anakaanga?"

"Ni injini, mama."

"Kumbe nayo inapika?"

Kabla hajajibu, chuma kililia, gari zima likatetemeka, likasimama katikati ya mlima. Isaka akashuka, akachomeka hendeli mbele ya injini, akazungusha. Haikusogea. Akavua shati, akaning'inia kwenye hendeli kwa uzito wake wote. Injini ilikuwa imekamata kama jiwe juu ya jiwe.

Simeoni, jirani yao wa zamani, akapita akichunga ng'ombe.

"Bwana Usukani! Leo unaendesha au unaendeshwa?"

"Acha utani, ndugu yangu. Hao ng'ombe hawawezi kutuvuta?"

"Hawa? Hawajawahi kuvaa nira." Simeoni alitazama juu, kicheko kikamwisha. "Ngoja nikaite watu. Ila watu wako mbali, na mvua iko hapa."

Ilianza kwa matone makubwa. Kihenge kilikuwa wazi juu, na Isaka hakuwa amebeba turubai. Mama akashuka, akapanda nyuma ya gari, akavua kaniki yake ya mabegani na kufunika mtama. Maji yakapita kaniki kama yanavyopita chekeche. Isaka akairudia hendeli, akavuta, akasukuma, akavuta tena.

"Acha, mwanangu," mama alisema. "Usimsumbue maiti."

"Mama, mimi nilidhani mafuta ni mafuta."

Damari alizamisha mkono kihengeni, akatoa konzi ya mtama, akaikamua. Maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Utaota humuhumu," alisema taratibu, "kabla hatujaonyeshwa shamba."

Isaka aliendelea kuishika hendeli kwa mikono miwili, mvua ikimpiga mgongoni. Hakujua mikono ile aiweke wapi pengine.