Nusu ya Tawi kwa Bibi Yustina

Nilipokuwa mtoto, Ufipa ilikuwa na radi, siyo hizi za siku hizi zinazokohoa kama mgonjwa. Ikipiga kwetu karibu na Kaengesa, samaki wa Kipili, kule Ziwa Tanganyika, walikuwa wanarukia wenyewe kwenye mitumbwi. Usinibishie. Mimi nilifika darasa la nne, na la nne la enzi zile ndiyo chuo kikuu chenu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari. Jirani yetu akawa Bibi Yustina, mjane, ambaye kijiji kizima kilisema anatuma radi. Misa hakosi, rozari shingoni, lakini watu walimwogopa kuliko bwana shamba.

Alasiri moja mbingu ikafunga. Mama akachomoa nyuma ya mlango tawi lililobarikiwa Jumapili ya Matawi, achome kipande kwenye kigae, maana moshi wake unafukuza radi. Wakatoliki wote tulifanya hivyo. Kabla hajachoma, hodi. Bibi Yustina, ameloa chapachapa, anaomba kipande, lake limekwisha.

Bibi yangu mzaa baba akamshika mama mkono. "Ukimpa huyo, radi itaingia humu humu kwetu."

Mama akajinasua taratibu. Kisha akalivunja, akampa nusu.

Jirani hajafika kwake, radi ikashuka zizini. Maksai wetu Meja, ambaye angeweza kuikokota milima ya Mbizi mpaka Mbeya, tulimkuta miguu juu. Msimu ule tulilima kwa mikono.

Wanaume wakaja kwa mama: aseme tu kwamba radi kaituma Yustina, naye atafukuzwa kijijini. Mama akawaambia wasubiri Jumapili.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka buibui walikosa pa kukaa. Bibi Yustina peke yake, benchi zima. Padri aliposema tupeane amani, mama akatoka kwetu, akamfuata, akanyoosha mkono.

"Amani ya Kristo, bibi."

Yustina akaupokea kwa mikono miwili. Habari ya kumfukuza ikafa pale.

Watu husema mama hakuamini mambo ya radi. Waongo. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kitenge chake, niliuona ule mkono unavyotetemeka. Aliamini kabisa kwamba aliyemuua Meja ni yule bibi, na akautoa hivyo hivyo.

Mimi nasali, kuimba nawashinda kwaya nzima. Ila kuna jirani yangu mmoja hapa Mollo. Padri akisema tupeane amani, nainama nafunga kamba za viatu.