Usukani wa pikapu ya mke wangu, na mume wake wa kwanza

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma uzi wa jamaa anayelalamika kwamba usukani wa gari lake leo mzito, kesho mwepesi, na kila fundi anamwambia gari zima. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi wangu. Yalinikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Nitakaposahau nitasema nimesahau.

Mimi mtu wa Unguja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, kwa hiyo mambo yaliponiendea kombo nyumbani nikavuka kwenda kwa wajomba zangu Moroni, kule Visiwa vya Komoro. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini.

Huko Moroni, mtaa wa Magoudjou, nikamuoa Echati. Yeye kwao Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, ambacho wengi mnakijua kama Anjouan. Alikuwa ameshaolewa na kuachika kabla yangu.

Echati alikuwa na pikapu ya zamani, kabini moja, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Miaka yote ya ndoa ya kwanza aliyekuwa akiiendesha ni mumewe, Halidi. Walipoachana, Echati akaisafirisha kwa meli hadi Moroni. Nikawa naiendesha mimi, nabeba mchanga na saruji.

Mjue pia kwamba kule nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Basi mimi nilikuwa nalala nyumbani kwa mke na kuendesha gari la mke. Hilo lenyewe nilikuwa sijalizoea vizuri.

Sasa turudi kwenye usukani.

Siku nyingi gari lilikwenda vizuri kabisa. Halafu siku moja nashuka na mzigo kuelekea Ikoni, nakata kulia, usukani unagoma katikati. Chini unasikia "tak". Unavuta kwa nguvu, usukani unaachia ghafla, gari linaruka upande. Kesho yake nikipita palepale, hakuna kitu.

Nikaenda gereji. Wakabadilisha tairodi. Nikaenda nyingine, wakabadilisha boljointi na kumwaga oili ya usukani. Nyingine wakasema pampu. Kila fundi alizunguka nalo mtaani, akarudi akanirudishia ufunguo. "Gari lako halina tatizo."

Jioni moja nilikuwa nalalamika, Echati anakuna nazi. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Likiwa na mzigo usikate kulia moja kwa moja. Rudisha kushoto kidogo, halafu kata."

Nikamuuliza, "Umejuaje?"

"Ndivyo Halidi alivyokuwa akifanya."

Wakuu, sijui niwaelezeje. Alilisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Lakini tangu jioni ile, nikikaa kwenye kile kiti nilikuwa nakaa na Halidi. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa mwili wake. Gia ilikuwa imelainika kwa kiganja chake. Nilijua hata upande gani Echati aliegemea, kwa sababu kitambaa cha mlango wa abiria kilikuwa kimechakaa mahali pamoja.

Ushauri wake sikuufuata. Nilikuwa navuta kulia kwa nguvu zangu zote, makusudi. Nilitaka lile gari linitii mimi kwa njia yangu.

Wakati huohuo mambo ya nchi yakawa mabaya. Nzwani walishatangaza kujitenga. Meli zikawa za kubahatisha, simu za kwenda kule hazishikiki. Echati alikuwa akipata habari za mama yake kwa watu wanaoshuka bandarini tu.

Baadaye ghadhabu ikahamia Moroni. Vikundi vya vijana vikawa vinapita mitaani kuuliza nani ni mtu wa Nzwani. Watu tuliokuwa tukinywa nao chai wakaanza kuangalia pembeni tukipita. Jirani mmoja, mama mtu mzima, akaja kumwambia Echati, "Mwanangu, nenda kwa mama yako mpaka watu hawa watulie. Mimi nitaiangalia nyumba."

Asubuhi yake tukapakia. Mbele mimi na Echati, nyuma familia mbili za Nzwani na mizigo yao hadi juu. Tukashuka bandarini.

Kwenye kona ya mwisho kulikuwa na kundi limesimama kushoto, wengine wameshika mawe. Nikakata kulia. Usukani ukagoma. Gari likawa linawaelekea wale vijana, mimi navuta, nyuma watoto wanalia.

Echati akanyoosha mkono akashika usukani. "Achia," akasema.

Nikaachia. Akaurudisha kushoto kidogo tu, "tak", halafu akaupeleka kulia kwa mkono mmoja. Tukapita karibu nao kabisa. Jiwe moja likapiga ubavuni, basi.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikuwa naangalia ule mkono, nawaza ulijifunzia wapi.

Echati akapanda meli. Mimi nikabaki na gari. Sasa fikirieni, mke wangu yuko Mutsamudu, simu hakuna, na mji wenyewe vichochoro vya mawe ambamo watu wanapishana mabega. Halidi anaishi humohumo. Nilikuwa nawapangia salamu zao kichwani, namna watakavyokutana, atakavyomuuliza hali.

Nilipopata chombo cha wafanyabiashara, nikavuka bila kuaga mtu.

Nilipanda vile vichochoro hadi nyumba ya mama mkwe. Kabla ya kubisha hodi nikasikia sauti ya mwanamume ndani, inacheka. Nikaingia. Mama mkwe yuko kwenye mkeka, na mwanamume anafunga bawaba ya dirisha. Echati hayupo, alikwenda sokoni.

Mama mkwe akasema, "Karibu mwanangu. Huyu ndiye Halidi. Mume wangu alimlea, haachi kuja kuniangalia."

Halidi akafuta mkono akanipa. Mtu mfupi, mpole, ameoa tena, ana watoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwingine kabisa, na upole wake ukanichoma zaidi. Ningependa awe na dharau.

Akauliza, "Ile pikapu bado inagoma kulia?"

Nikasema, "Inagoma."

Akatabasamu. "Utaizoea. Mimi sikuwahi kujua ina nini. Niliizoea tu."

Wakuu, nilifurahi. Nasema kweli yangu, nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Muda wote nilidhani mtu huyu analijua lile gari, kumbe alikuwa analibembeleza tu. Nikaapa moyoni kwamba ugonjwa wa lile gari nitaugundua mimi.

Mambo yalipopoa nilirudi Moroni na Echati. Miezi mingapi ilipita sikumbuki. Kitu cha kwanza nikapakia mchanga mpaka springi zikalala. Mafundi wote walilipima tupu, na tupu halikuwa likigoma. Nikalala chini ya gari kwa mbele, Echati akawasha, akashika usukani.

"Kulia, taratibu," nikamwambia.

Hapo nikauona ugonjwa. Pale boksi ya usukani inapofungwa kwenye chesisi palikuwa na ufa, umezibwa na grisi na tope la miaka. Gari likiwa na mzigo na ukikata kulia, ufa unafunguka, boksi inahama, shafti ya usukani inabana. Ukirudisha kushoto ufa unajifunga, shafti inapata nafasi. Likiwa tupu huoni kitu.

Tukalipeleka gereji, tukashusha boksi, tukachomelea ufa, tukaweka bamba la chuma juu yake. Halikugoma tena mpaka tulipoliuza.

Siku ile tunarudi kutoka gereji nilikuwa nakata kulia hata pasipo na kona. Nikamwambia Echati, "Ukipata mtu wa kwenda Mutsamudu, mwambie Halidi ilikuwa chesisi."

Akanigeukia. "Unataka mimi nimpelekee Halidi salamu?"

Nikakata kona ya kwetu.

Kwa yule jamaa: ugonjwa unaokuja na kuondoka, upime katika hali ileile unamojitokeza. Kama ni mzigo, pakia. Kama ni mvua, mwagia maji. Usinunue spea kwa kubahatisha. Na kagua chesisi pale boksi ilipofungwa, futa grisi kwanza.

Kuhusu wivu sina spea ya kuwauzia. Echati bado yuko nami, Halidi alishatangulia mbele ya haki, na mwanamke huyu akinikosoa barabarani bado huwa najiuliza kajifunza kwa nani.

Waliooa mke aliyewahi kuolewa, nyie mnafanyaje? Na mafundi mliopo humu, kama nimekosea mahali, nirekebisheni.