Mama Mita na Vidole Viwili Vilivyopungua

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, Jumatatu asubuhi, kwa sababu mama yake alikataa katakata kufunga mlango wakati mteja bado anachagua. Majora mawili ya pamba yakawa kitanda chake cha kwanza. Baba yake alipofariki alimwachia duka, kaunta ya mbao na fimbo ya kupimia ya mita moja, iliyovikwa kofia ya shaba kila ncha. Watu wakamwita Mama Mita, ingawa hakuwahi kuzaa, na jina likamkaa. Alisali kila siku, alipenda kucheka, na tusifiche lolote: ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

Alipofikisha miaka thelathini na miwili, kofia moja ya shaba iling'oka ikapotea, na ncha iliyobaki wazi ikawa inavuta nyuzi za hariri. Kwa kupenda kazi safi, akaikata kidogo, akaisugua kwa msasa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto. Akafurahi, akaendelea kupima. Hakujua kwamba tangu siku hiyo kila mita yake ilipungua vidole viwili.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache. Wateja walinunua kwa Mama Mita, wakampelekea fundi awashonee, na kila mara kitambaa hakikutosha. Walipokwenda kulalamika, Mama Mita alisimama kizingitini, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Nimepima kwa mkono wangu. Kama kimepungua, muulizeni fundi, labda amekinywea chai." Watu wakaangua kicheko. Utani huo ulimmaliza fundi. Wakamwita Mla Vitambaa, wateja wakamkimbia, na kabla ya mwaka kwisha alifunga kibanda chake akaenda kushona magunia katika ghala la nafaka.

Miaka mitatu baadaye parokia ilipata altare mpya, naye Mama Mita akajitolea kuitengenezea kitambaa. Seremala aliyeiunda aliipima kwa futi yake ya chuma, Mama Mita akaipima kwa fimbo, vipimo vikakataana. Seremala akalaza fimbo na futi sambamba. "Dada, hii fimbo fupi. Nunua nyingine tu, nani atajua?" Mama Mita akaishika ile ncha aliyoisugua mwenyewe, na moyo ukampasuka, kwa kuwa alikuwa anamwona fundi akifunga kibanda. Ni kweli, angeweza kunyamaza. Duka lingebaki na heshima yake, na fundi angebaki mwizi.

Kesho yake asubuhi alikwenda ghalani, akamkuta fundi ameinamia gunia, kope zimejaa vumbi. "Kaka yangu, hukuwa wewe," akasema. "Fimbo yangu ndiyo fupi, na niliikata mimi." Fundi akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Hayo unayasema huku ghalani," akajibu, "au utayasema pale ulipoyasemea yale?"

Siku ya soko, saa nne, mtaa umefurika, Mama Mita alipanda juu ya kigoda palepale kizingitini, fimbo mkono mmoja, futi mpya ya chuma mkono mwingine. Akasema yote, kwa sauti ileile. Kisha akawaita wote aliowapunja waje kuchukua kitambaa chao kilichopungua. Walikuja, pamoja na wengine ambao hawakuwahi kununua kwake hata leso, naye akawapa bila kuuliza. Kaka yake wa damu alimwambia amejipaka matope kwa mkono wake. Rafu zikabaki tupu, wateja wengi wakahamia kwingine, na alilia, twajua, maana jirani alimsikia. Hakurudisha nyuma neno hata moja.

Mwezi wa tisa tangu siku ile, fundi akatokea, cherehani begani, akaitua barazani kwa Mama Mita bila salamu. Akachukua futi juu ya kaunta. "Kuanzia leo napima mimi." "Pima, kaka," akajibu, akampisha. Walifanya kazi hivyo kwa miaka thelathini na sita, wakizidisha vidole viwili katika kila mita.

Alifariki kwa amani akiwa na miaka sabini na tatu. Fundi ndiye aliyemshonea gauni la kuzikiwa. Waliokuwepo wanasema alikata mita tatu tu, akatoa gauni, akatoa mtandio, na bado kikabaki kipande cha kutosha kuifunika altare. Akapima mara mbili, akaketi chini. Wataalamu watasema yao. Sisi kitambaa hicho tunakiona kila Jumapili.

Paroko alipomuuliza kama dada yule alikuwa mtakatifu, fundi alifikiri sana. "Alinichafua mbele za watu," akasema, "akanisafisha palepale."

Ile fimbo fupi imetundikwa karibu na kiti cha maungamo. Ukiipita, mpendwa, iguse ile ncha laini, na kabla hujapiga magoti, jiulize ni kizingiti cha nani kinachokungoja usimame.