Kunazi za Bi Zuwena

Siku ile ya mjini Ibra naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyokunywa kahawa nikajiponza. Usicheke. Nimesikia umepata kazi kwenye maabara ya wadudu hapa Nizwa, palepale nilipoanzia mimi, na kabla hujavaa hilo koti jeupe nataka unisikilize.

Nilikuwa nimetoka Unguja, hata mwaka sijatimiza Omani, na kichwa kimejaa elimu. Nikatumwa Ibra kwenye shamba la Bi Zuwena, bibi mmoja mjane, naye mzaliwa wa Unguja kama mimi. Mapera yake yalikuwa yameingiliwa na funza wa nzi wa matunda. Kila pera ukilipasua unawakuta wamejaa. Mwanawe Salum alishaamua kuwa kosa ni la mkunazi ulio katikati ya shamba, kwa kuwa kunazi zake nazo zilikuwa na funza. Kwake yeye mti ule ndio uliokuwa ukiwalea nzi na kuwatuma kwenye mipera, na Idi Kubwa ikipita angeukata. Mti huo aliupanda marehemu mume wa Bi Zuwena, na majani yake ndiyo aliyooshewa siku alipokufa.

Kazi yangu ilikuwa moja: niokote mapera na kunazi zilizoanguka, kila tunda mfuko wake, niwalee funza mpaka wawe nzi, kisha tupime vinasaba vyao, ile asili ambayo kiumbe huirithi kwa wazazi wake. Kwa macho nzi wale ni wamoja, mbawa zilezile, kiuno kilekile. Lakini nzi aliyekulia ndani ya pera, mama yake vilevile na bibi yake vilevile, akawa hapati mwenza ila hukohuko mperani, baada ya vizazi vingi anaweza kuwa mbali kabisa na mwenziwe wa mkunazini, hata kama matawi ya miti yao yanagusana. Tulitaka kujua kama ndivyo ilivyokuwa kwa Bi Zuwena.

Nikaokota vizuri tu. Kisha nikaitwa kahawa. Niliona haya kuingia ndani na mifuko ya matunda yaliyooza, inavuja, basi nikayamimina yote kwenye ndoo moja, nikaifunika, nikaiacha juani. Nilijiambia nitayachambua baadaye. Nani asiyejua pera na kunazi? Bi Zuwena akamimina kahawa, nikanywa. Akamimina tena, nikanywa tena, nikidhani kukataa ni utovu wa adabu. Kumbe huku, mpaka utikise kikombe ndipo mwenyeji ajue umetosheka, na mimi hilo sikulijua. Nilikunywa mpaka moyo ukanienda mbio.

Nilipofunua ndoo, funza walikuwa wameshatoka ndani ya matunda, wamejaa chini, wanatafuta mchanga wa kujifukia wageuke nzi. Matunda ningeweza kuyachambua. Funza sikujua yupi katoka wapi.

Unajua nilifanya nini? Nilifika Nizwa nikawagawa nusu kwa nusu kwenye makopo mawili, moja nikaliandika mpera, la pili mkunazi. Naona haya mpaka leo kukwambia. Kesho yake, nikiwa naliweka kopo kwenye rafu, nikawaza: majibu yatasema nzi hawa ni wamoja, na mti utakatwa kwa uongo wangu. Nikayafuta majina yale mawili. Nikaomba gari, nikarudi Ibra.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Mbona mbio hivyo, kuna msiba?"

Nikamweleza yote, sikuficha. Akanipasukia.

"Ebo! Mimi umenionea haya, mti wangu hukuuonea haya? Ungesema tu, Bibi nina kazi mkononi, ningekungoja. Haya, inuka! Wallahi leo huioni kahawa mpaka tumalize."

Akatoa makopo yake ya maziwa ya unga. Tukatia mchanga, tukaokota upya, tukaweka kila tunda kopo lake, na jina likaandikwa tunda likiwa bado mkononi. Tulipomaliza ndipo akanimiminia kahawa, akanifundisha kukitikisa kikombe.

Majibu yalipotoka niliyasoma nimesimama. Nzi wa mkunazini walikuwa na ukoo wao, na wa mperani na wao, mbali kabisa! Mkunazi haukuwa na hatia. Mapera yaliponzwa na mapera, yale ambayo Salum alikuwa akiyaacha yaoze chini.

Nilikwenda kuwasomea siku ya pili ya Idi. Bi Zuwena alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

"Haya bwana," akamwambia mwanawe, "weka msumeno, shika ndoo!"

Salum alicheka, na tangu hapo kila asubuhi akawa anaokota mapera na kuyafukia kwenye shimo refu. Msimu uliofuata nilipasua pera la shamba lile, safi, halina hata funza mmoja, nikalila palepale na mbegu zake. Sijapata kuona furaha ya kazi kama ile.

Basi mwanangu, andika jina la kitu kikiwa bado mkononi mwako. Usihukumu kwa sura. Na ukikosea, rudi useme siku hiyohiyo, hata kama uso unakuwaka, kwa sababu nyuma ya kila kopo lako yupo mtu na mti wake. Mkunazi ule bado umesimama, na kunazi zake nimekuwekea kikapuni, utachukua ukiondoka. Mola akupe jicho la makini na ulimi usioona haya kukiri, na akujaalie siku moja upigiwe vigelegele kama nilivyopigiwa mimi.