Askari Niliyemla Nyeri

Mwaka wa sitini na nane nilikuwa na miaka minane. Baba alikufa, nikaacha shule darasa la pili, nikachunga mbuzi za watu. Kila kitu nilicho nacho nilikipata kwa kichwa hiki. Ndiyo maana mwaka jana, nilipopotea njia ya kutoka soko la Giakanja kwenda kwangu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa njaa.

Binti yangu akasikia. "Baba, unahamia kwangu Sagana. Ng'ombe tutauza."

"Mimi si mgonjwa."

"Haya. Si unajisifu ati siku hizi unajua chesi? Cheza mashindano ya Nyeri. Ukimaliza mchezo bila kushindwa, unabaki. Ukishindwa, tunafunga mizigo."

Siku ya mashindano nilipangwa kucheza na mzee Mwislamu, mwenye duka la nguo mjini. Akasukuma kete yake ya askari, aliye mbele ya malkia, hatua mbili. Nikafanya vivyo hivyo. Kisha akaleta askari mwingine kando ya yule wa kwanza, mahali pa kuliwa bure.

"Kula, mzee wa Giakanja. Mgeni hanyimwi chakula."

Mkono wangu ukashika askari wangu. Na hapo, Mungu wangu, sikujua nacheza nini. Mimi nilikulia kwenye drafti ya vifuniko vya soda, na kwa drafti ukipewa ni lazima ule. Lakini hii ilikuwa drafti? Nilimwangalia farasi kama mtu unayemjua sura, jina limepotea. Jasho likanitoka. Binti yangu alisimama karibu na ukuta, macho kwangu.

"Ukigusa, umecheza," mzee akasema.

Nikala. Njia nyingine haikuwepo.

Wengi wakila hapo wanamkumbatia askari wao aliyekula mpaka wanakufa naye. Kwa drafti, ukila unajua utaliwa. Nikamwacha achukuliwe, nikatoa farasi mmoja, kisha wa pili, na majina yakarudi polepole. Woga wenyewe haukuondoka. Ulikaa nami mpaka tukabaki na wafalme wawili tu ubaoni.

"Sare," akasema. "Una kichwa kigumu, wewe!"

Nikamgeukia binti yangu. "Umesikia?"

"Nimesikia, Baba." Alikuwa analia.

Sitadanganya, bado naogopa kila nikitoka sokoni. Lakini leo niko na ekari mbili za chai Giakanja, nyumba ya mawe, ng'ombe watatu wa maziwa, tangi la maji, pikipiki na majembe mawili. Nimevitaja vyote bila kuuliza mtu.